Shuka za Loji Kwenye Dirisha la Susu

Mwezi uliopita nilikuwa mji wa Kabati, siku ya soko, nimeinama juu ya rundo la mitumba nikitafuta kitu cha kuziba dirisha. Nimehamia nyumba mpya huku Kitui, rafiki yangu, na nyumba mpya ina tabia mbaya ya kukuonyesha kwamba huna kitu. Muuzaji alikuwa akiimba wimbo wao ule, "Chagua mama, chagua, bale imefunguliwa leo asubuhi!" nami nikavuta shuka moja nzito, rangi ya maziwa, yenye mistari ya samawati pembeni. Nikaikunjua. Kwenye ncha yake kulikuwa na muhuri mweusi wa loji fulani ya Mtito Andei. Nilicheka peke yangu mpaka muuzaji akaacha kuimba.

"Madam, hiyo haina shida. Ukiosha inatoka."

"Haitoki," nikamwambia. "Hiyo mimi naijua. Haitoki milele."

Nikaifunga kwenye kiondo nikaenda nayo nyumbani, na njia nzima nilikuwa Mbooni, nina miaka tisa.

Nililelewa kwa nyanya yangu mzaa baba, karibu na soko la Kikima, kule juu Mbooni ambako asubuhi ukungu unakaa kwenye matuta ya shamba mpaka chai ya pili. Sisi tulimwita Susu, kama Wakamba wote wanavyomwita nyanya. Nyumba yake ilikuwa ya matofali, sebule yake na dirisha moja kubwa la vioo vinne lililotazama machweo. Na ndani ya sebule hiyo, wacha nikwambie ukweli, hakukuwa na kitu. Benchi mbili, meza, na harufu ya muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, kutoka jikoni. Mimi sikuwahi kuona upungufu wowote, kwa sababu sikuwa nimeambiwa.

Waliotuambia ni watu waliokuja kumposa Shangazi. Huyu ni dada mdogo wa baba yangu, mwalimu wa nasari, mpole mpaka kuku walikuwa wanamdharau. Wakaja, wakanywa chai, wakasali, wakaenda zao, wasirudi. Baada ya wiki kadhaa jirani yetu mwenye cherehani akaleta habari kutoka sokoni: eti wale wageni wamesema nyumba yetu inaitikia sauti kama tangi lisilo na maji. Susu alikuwa anachambua mbaazi. Aliendelea kuchambua. Shangazi akaenda jikoni, na nilipomfuata nikamkuta anafuta macho, akaniambia ni moshi. Moto ulikuwa haujawashwa.

Kwa hivyo ilipokuja habari kwamba kuna kijana mwingine, wa upande wa Kibwezi, na kwamba watu wake watakuja na mbuzi wa ntheo, Susu alisimama katikati ya sebule, akapiga kofi moja, akasikiliza mwangwi wake.

"Safari hii haitaitikia," akasema.

Nikueleze ntheo kwa kifupi kama hutoki kwetu. Ni mbuzi wanaoletwa na watu wa mvulana. Wakishashushwa na kupokelewa, basi, msichana ni mke wa watu, hata kama mengine yatafuata baadaye. Wasiposhushwa, wanarudi na waliowaleta, na kijiji kizima kinawahesabu wakipita.

Huo ndio ukawa msimu mtamu kuliko yote niliyoishi. Kila siku ya soko tulishuka Kikima, Susu mbele na leso yake kichwani, mimi nyuma na kiondo. Pesa ya duka hakuwa nayo, lakini subira ya kuchimba rundo alikuwa nayo tele. Alikuwa anashika kitu, anakigeuza nyuma, anakinusa, anakirudisha, anaondoka kama aliyeudhika, anazunguka soko lote, kisha anarudi kukiuliza bei kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kukutana nacho. Muuzaji akisema ni cha zamani, yeye alijibu, "Ndiyo nakitaka. Hiki kimeshazoea watu."

Alisema hivyo kwa kila kitu. Saa ya ukutani ambayo haikutembea ilikuwa imeshazoea watu. Kabati la vyombo lililokosa kioo upande mmoja lilikuwa limeshazoea watu, na mimi nilipolipangusa Jumamosi nilipangusa hata ule upande usiokuwa na kioo, yaani hewa tupu, kwa mazoea. Tulipata vikombe sita vya maua ambavyo hakuna kimoja kilichofanana na mwenzake, Susu akavipanga vile vinavyogombana rangi kila kimoja mbali na mwenzake. Tulipata kalenda ya zamani yenye picha ya ziwa na milima yenye theluji, tukakata miezi tukabaki na ziwa. Mikebe ya rangi ikapandwa maua. Kuta tukazipaka udongo mweupe, vidole vyangu vikapasuka, na nikipita sebuleni nilitembea polepole kama mtu aliyeingia kanisani.

Kilichobaki ni dirisha na benchi. Na shuka zile, rafiki yangu, ni mimi niliyezipata. Kumbuka hilo. Niliingiza mkono mpaka begani chini ya rundo nikahisi kitambaa kizito, nikavuta, zikatoka tatu zimekunjwa pamoja, rangi ya maziwa, mistari ya samawati. Muuzaji akasema zimetoka Mtito Andei, loji imebadilisha mmiliki, imeuza kila kitu. Susu alinishika shavu mbele ya watu. Nilivimba kichwa njia nzima ya kurudi.

Muhuri tuliuona nyumbani. Jina la loji, na chini yake, kwa herufi za kuonekana na kipofu: MALI YA LOJI. USITOKE NAYO. Tukaloweka, tukasugua kwa majivu, tukaanika, tukasugua tena. Shuka ikazidi kuwa nyeupe na muhuri ukazidi kuwa mweusi. Jirani mwenye cherehani alipokuja kushona akaweka mikono kiunoni.

"Mwaitu," akamwambia Susu, kwa heshima ya mama, "wageni wakiona haya maandishi watafikiria nini juu ya huyu msichana?"

Mimi sikuelewa loji inahusiana vipi na msichana. Nilielewa tu kwamba Shangazi aliinamisha kichwa, na kwamba furaha yote ilitoka kwenye kile chumba, na kwamba aliyeleta hizo shuka nyumbani ni mimi.

Kukata haikuwezekana, pazia lingekuwa fupi kuliko kioo. Susu akawaza, akaikunja ncha ile kwa ndani pindo pana, muhuri ukajificha humo, na juu ya pindo akatarizi maua mekundu kwa uzi wa sufu. Mbili zilizobaki zikawa vitambaa vya benchi, muhuri ukalaliwa chini. Pazia tulilitundika asubuhi ya siku yenyewe, lisije likaingia vumbi. Lilikuwa zuri jamani. Shangazi alisimama mlangoni akalitazama, akacheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Wageni walifika saa nane na pikapu, mbuzi watatu nyuma wakilia kama watoto wa bweni. Mbuzi wakaachwa juu ya gari, ndiyo adabu, mpaka mazungumzo yakubaliane. Ndani, wanaume kwa wanawake wakajaa benchi. Msemaji wao alikuwa mzee mmoja mnene mwenye kofia, baba mkubwa wa bwana harusi, aliyeendesha malori barabara ya Mombasa tangu ujana wake. Alikaa akitazama dirisha. Mimi nilikuwa chini mkekani, karibu na thermosi, kazi yangu kupitisha sukari.

Maneno yalikuwa yanaenda vizuri. Kisha jua likashuka upande wa machweo, likaingia kwenye pazia, na lile pindo, ambalo mchana kutwa lilikuwa jeupe kama unga, likaanza kuonyesha. Kwanza kama madoa ya chai. Halafu herufi. Zilikuwa miguu juu kwa sababu ya kukunjwa, lakini anayetaka kusoma angesoma. Na nikamwona yule mzee wa malori, katikati ya sentensi yake mwenyewe, akiinamisha shingo upande.

Susu ameketi kando ya dirisha, nikadhani hajaona. Nikaweka sukari chini, nikatoka kama anayeenda msalani, nikakimbia jikoni nikachukua uteo mkubwa wa kupepetea mahindi. Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikapanda juu ya jiwe la kufulia, nikauinua ule uteo mbele ya dirisha kuzuia jua. Maandishi yasipopata mwanga yatazimika. Ndivyo nilivyofikiri, na bado naona haikuwa akili mbaya kwa mtoto wa miaka tisa.

Nikasimama pale. Mikono ikaanza kutetemeka. Dirisha lilikuwa limefungwa na mbuzi wanapiga kelele, sikusikia neno la ndani. Nilichosikia ni sauti za watu, halafu kimya. Nikajua yamekwisha, wamesoma, wanavaa kofia. Nikaanza kulia bila kushusha uteo, kamasi zinanifikia mdomoni. Halafu ndani kikapasuka kicheko, cha watu wengi pamoja, nisijue kimetoka wapi, na muda si muda mzee wa malori akatokea kwenye kona ya nyumba.

"Wewe mtoto, unafanya nini hapo?"

"Nazuia jua."

"Jua la nani?"

"La wageni. Wasichomeke."

"Mgeni ni mimi, na sijachomeka." Akasogea, akatazama pazia kupitia kioo, akatoa kofia. "Hiyo shuka naijua. Chumba cha kona, dirisha halifungi. Nimelala juu yake nikiwa na malaria, nikalala nikiwa na njaa, gari limejaa simiti nje. Kumbe ilikuja huku ikavaa maua."

Nikamwomba asiseme. Nilimwambia Susu anajua muhuri uko kwenye pindo lakini hajui unaonekana, na akijua atakufa. Mzee akarudisha kofia kichwani.

"Basi tusimwambie," akasema. "Hii ni yangu na wewe."

Kisha akageuka akapaza sauti, "Dereva! Leta gari hapa dirishani, mbuzi wanachomwa na jua!" Pikapu ikarudi nyuma ikasimama kati ya jua na dirisha, na pindo likawa jeupe tena. Akanitoa uteo mikononi maana vidole havikuachia vyenyewe. Tukiwa bado pale, vijana wakatoka ndani wakafungua nyuma ya gari, na mbuzi wa kwanza akaruka chini, kisha wa pili, kisha wa tatu. Nilikaa kwenye jiwe nikapumua. Sidhani nimewahi kupumua vile tena, hata siku ya matokeo ya mtihani, hata siku niliyojifungua.

Siri ile nimeitunza maisha yangu yote. Kila Susu alipolifua pazia nilitoka uani nisimwangalie. Pazia likachakaa, Susu akalifanya matambara ya kupangusia, kisha Susu mwenyewe akatuacha, na mzee wa malori akamfuata. Nyumba ya Mbooni sasa anakaa binamu yangu, ameng'oa vioo vinne akaweka dirisha la kusukuma, ukuta wote ni televisheni. Kabati lililokosa kioo hakuna anayejua lilikokwenda. Sokoni Kikima nikipita siku hizi hakuna anayenijua kama mjukuu wa mtu.

Juzi Shangazi alikuja kunisaidia kupanga nyumba. Ana wajukuu sasa, na upole ule ulimtoka zamani. Nikamkunjulia shuka niliyotoa soko la Kabati, na kwa kuwa hakuna tena aliyebaki wa kuaibika, nikamwambia yote. Jua, herufi, uteo, mzee. Nikamwambia hata kile kicheko, ambacho mpaka leo sikujua walicheka nini.

Alinisikiliza akiwa amesimama juu ya stuli, waya wa pazia mkononi. Kisha akashuka, akakaa.

"Kwani ulidhani hatukukuona?" akaniuliza. "Jua lilikuwa nyuma yako! Kivuli chako kilijaa pazia lote, wewe na uteo wako na mikono inatetemeka. Chumba chote kilikuwa kinakuangalia."

Nikakaa sakafuni mbele yake.

"Wageni wakanyamaza, hawajui wafanye nini. Ndipo Susu akainuka. Akashika pindo akaligeuza, akawaonyesha muhuri. Akasema, 'Hii ni ya loji, nimeinunua kwa rundo, na huyo huko nje anajaribu kunifichia aibu. Hivi ndivyo tulivyo. Kama hamwezi kukaa na sisi hivi, mbuzi wenu bado wako kwa gari.' Yule mzee wa malori ndiye alianza kucheka, akasema ameilalia hiyo shuka kuliko kitanda cha mke wake. Wote wakaanguka. Halafu Susu akamwambia, 'Nenda basi umshushe mikono. Lakini usimwambie tunajua. Amefanya kazi ya mtu mzima, asinyang'anywe.'"

Nilicheka, nikalia, nikacheka tena, kitu kilichokuwa kimekaa begani tangu utotoni kikashuka. Walijua, rafiki yangu. Walijua, na mbuzi wakashushwa.

Shangazi alipanguza uso wake kwa ncha ya shuka, akapanda tena stuli. "Haya, niambie, pindo tukunje upande gani?"

"Usikunje," nikasema.

Tukaitundika hivyo, muhuri ukiwa ndani, unatazama viti. Jioni jirani yangu mpya akaja kubisha hodi, mama mmoja mstaarabu wa hapo mkabala, akakaa, akasoma dirisha langu kutoka juu mpaka chini, akanitazama.

"Imeshazoea watu," nikamwambia, nikamkaribisha chai.