Nguruwe wa Mama Adolphine na Maji ya Kijani

Mama Adolphine alifuga nguruwe kando ya ziwa dogo nje ya Kolwezi, ziwa lililobaki baada ya watu wa matofali kuziba kijito kwa udongo na kuhama. Serikali ilipokataza majina ya Kikristo, kwenye kitambulisho aliandikwa Kyungu, lakini mtaa mzima uliendelea kumwita Adolphine. Alikuwa mjane, na nguruwe hao ndio waliowalisha watoto wake.

Mwaka wa sabini na tano, joto la Oktoba lilipokolea, maji yaligeuka kijani, mazito kama rangi ya kupaka mlango, yakaanza kunuka. Asubuhi moja jirani yake Amadi, mwenye lori la kubeba mihogo kutoka Kasaji, akapiga hodi.

"Mama, mbuzi yangu imekufa. Ilikunywa maji ya ku ziwa, haikufika hata ku nyumba."

"Nani alitupa sumu, tata?"

"Banasema ni weye."

Adolphine aliingia ndani akaketi kitandani. Alitoka tu aliposikia kwamba citoyen Muamba, yaani "raia", kama serikali ilivyotaka watu waitane, bwana shamba wa wilaya, yuko ufukweni na watu wamemzunguka.

"Hapana mutu alitupa sumu," Muamba alikuwa akisema, ameinua chupa ya maji juani. "Hii ni mwani, majani kidogo-kidogo sana. Inakula mavi ya nguruwe yenye mvua inapeleka mu ziwa. Ikishiba inazaana, na ingine iko na sumu ndani yake."

"Basi tutupe sulfate ya shaba!" mtu akapaza sauti. "Hapa kwetu shaba haikosekani."

"Itauwa mwani, na samaki pamoja. Mwani ikikufa yote mara moja, sumu yake inamwangika mu maji. Na kama mavi inaendelea kuingia, mwani itarudia."

Watu wakamgeukia Adolphine.

"Basi nitahamisha nguruwe," akasema.

Kesho yake alikuwa aking'oa nguzo za zizi peke yake, lori la Amadi lilipokuja kinyumenyume hadi uani.

"Nguruwe mi sigusi, mama. Lakini miti na malata ya paa nitabeba."

Adolphine akacheka, huku machozi yakimtoka.

Zizi jipya lilijengwa ng'ambo ya kilima, na shimo la mavi likachimbwa mbali na maji. Wanawake wakapanda matete pale maji ya mvua yanapoingilia ziwani. Hata hivyo, joto liliporudi, ukijani ulirudi nalo. Adolphine alimwendea Muamba kwa hasira.

"Ulinidanganya, citoyen!"

"Hapana, mama. Mavi ya myaka mingi iko mu matope, kule chini. Itaisha polepole."

Alingoja, kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Mwaka uliofuata ukijani ulionekana kwenye kona moja tu. Baadaye haukuonekana tena, na mbuzi wakanywa bila kudhurika.

Nguruwe kadhaa walimfia kule kilimani, wala hakupata tena kundi kubwa kama lile la kwanza. Mavi yao aliyatia kwenye bustani, na kabichi zake zikawa kubwa hata wanunuzi wakazifuata kutoka Fungurume. Siku alipomwona mkulima mmoja akisuuza mifuko ya mbolea ziwani, alishuka mbio, mwiko wa kusongea bukari, ugali wa kwao, bado mkononi, akamfukuza hadi barabarani.