Somo la Kuanguka

Wanza, ofisa wa ustawi wa jamii katika hospitali moja ya Machakos, hakuwa mtu wa kuhubiri. Wenzake walikuja kwetu Kivaa na mabango, wakatusomea, tukaitikia "ndiyo" kwa heshima, wakarudi mjini wameridhika. Wanza hakutaka ndiyo zetu. "Nionyesheni," ndilo lilikuwa neno lake.

Mwaka wa 1998, baada ya mvua ya El Nino kubomoa matuta, mwethya wetu, yaani kikundi cha kusaidiana, ulikuwa ukiyatengeneza shamba hadi shamba. Msichana mmoja tu, Mumbua, alikatazwa kujiunga nasi. Alikuwa na kifafa, na Kamanthe, mwenyekiti wetu mwenye kichwa kigumu, alishikilia kwamba povu lake linaambukiza. Kwetu, mwethya ukikukataa umekwisha. Msichana akakata tamaa hadi akaacha kumeza dawa. Iliniuma sana.

Basi Wanza, aliposikia Mumbua ameacha dawa, akatukuta kazini, akavua viatu, akajibwaga chini na kurusha miguu. "Nimeanguka kifafa! Nionyesheni mtakavyonisaidia!"

Aiya! Mmoja alimkalia miguu. Mwingine akaleta kijiko amtie mdomoni. Kamanthe akammwagia mtungi mzima, maji yetu ya kunywa. Wanza aliinuka amelowa chapachapa, anacheka.

"Mwaitu," akamwambia Kamanthe, kama tunavyowaita mama zetu, "umeniua kabisa. Tuanze tena."

Alianguka mara nyingi siku hiyo, mpaka tukajua: majembe kando, mgonjwa alale ubavu, usimshike kwa nguvu, usimtie kitu mdomoni. Akitetemeka zaidi ya dakika tano, hospitali. Povu ni mate tu. Mwishowe akamlaza Kamanthe mwenyewe awe mgonjwa, tukacheka hadi mbavu zikauma.

Mumbua akarudia dawa, na Kamanthe akamkubali, shingo upande. Lakini kabla dawa haijamkolea vizuri, msichana akaanguka katikati ya shamba. Mmoja wetu akakimbilia mtungi.

Kamanthe alitupa jembe, akapiga magoti, akamgeuza ubavu na kumwekea leso yake chini ya kichwa. "Nani ameshika maji? Weka chini!" akatufokea.

Mumbua alipozinduka na kutuona tumemzunguka, alianza kulia. "Wacha niende nyumbani."

"Uende wapi?" Kamanthe akamuuliza. "Pumzika hapo kwa kivuli. Hiyo tuta ni yako, hakuna mtu atakulimia."

Kisha akamfuta povu kwa pindo la leso, akaikung'uta vumbi, akajifunga tena kiunoni.