Mgeni wa Bibi Aliyetoka Juu

Nilipokuwa mtoto kule Kichiwa, juu mbinguni kulikuwa na watu. Sisemi malaika. Malaika walikuwa wa kanisani na kila mtu alijua kazi yao. Hawa wengine walikuwa wakulima kama sisi, wenye ng'ombe na wake wagomvi, na mvua ya mawe ilipochanachana njegere zetu bibi alisema wanawake wa huko wanapeta nafaka bila kuangalia chini.

Bibi, mama yake baba, ndiye aliyenilea. Aliwaamini watu hao bila kelele, kama unavyoamini kwamba nyuma ya mlima kuna kijiji ambacho hujawahi kufika. Siku moja nilimuuliza wakishuka watatufanya nini.

"Watufanye nini?" akasema. "Mtu akiwa mbali na kwao hufanya nini? Anasimama nje, anangoja aambiwe akae."

Onyo lake lilikuwa moja. Mgeni wa namna hiyo usimuulize jina wala atokako kabla hajala. Ukimuuliza ataona haya, ataondoka, na mvua ataondoka nayo. Hata kwa wageni wa kawaida mambo kwetu yalikwenda hivyo: kigoda kwanza, kisha chakula, halafu ndiyo maswali.

Siku hizi nawasikia wasomi redioni wakibishana kama huko kwenye nyota kuna viumbe wenye akili, na wakija watakuja kwa heri au kwa shari. Mimi shule yangu ilikuwa fupi. Mengi nimejifundisha mwenyewe, kwa magazeti ya kufungia sukari, na sipendi mtu anayelizunguka neno. Basi nasema wazi kwamba mazungumzo hayo yananitia aibu, hata huwa naizima redio kwa hasira.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza, vita vya Wazungu vikiwa vimekwisha. Asubuhi moja ya ukungu tulikwenda shambani kupalilia, tukakuta kitambaa chekundu kimetandazwa juu ya matuta ya viazi. Kamba zake zilishika kisanduku cheupe, na ubavuni mwa kisanduku kulikuwa na vikombe vidogo vya bati vilivyopangwa duara. Upepo haukuwepo. Bibi alikitazama, akatazama juu, akaweka jembe chini taratibu.

"Ameanguka vibaya," akasema. "Shika huko, mwanangu. Usimtikise."

Tulikibeba hadi nyumbani kwa blanketi. Bibi alikiweka barazani juu ya kigoda, kile cha wakwe, akakipanguza matope kwa kanga yake. Akasonga ugali wa ulezi, akauweka mbele yake pamoja na maharage na kibuyu cha togwa. Kisha akapiga magoti.

"Kamwene," akasalimu, kama tunavyosalimiana Wabena.

Upepo ukapanda kutoka bondeni. Vile vikombe vikaanza kuzunguka, polepole, halafu mbio. Mimi nilikimbilia nyuma ya ghala. Bibi hakukimbia. Alitabasamu kama mtu aliyeitikiwa.

Hadi mchana baraza letu lilikuwa limejaa majirani. Hakuna aliyecheka. Mmoja alileta mayai, mwingine akasema mgeni apelekwe kivulini. Ndipo akaja baba mdogo, mdogo wake baba, aliyekuwa askari huko Burma. Alikigeuza kisanduku juu chini, akaangua kicheko hadi akakaa.

"Mama, hii ni mashine. Wazungu huirusha kwa puto ipime hewa. Puto likipasuka, inashuka na hicho kitambaa. Umemsongea ugali mashine."

Yule aliyekuwa ameleta mayai aliyachukua, akarudi nayo. Kesho yake tarishi wa boma alikuja na baiskeli, akaifunga mashine kwenye keria akaondoka.

Habari ilitutangulia Makambako. Tulipopeleka viazi gulioni, mwanamke mmoja aliita toka mbali, "Bibi, leo umempikia nani, lori?" Mwingine akasema, "Mwacheni, baiskeli ya tarishi imeshiba, tangu juzi haitaki kusukumwa." Nilimrushia kiazi cha kichwa. Bibi akanishika mkono, akauliza wateja bei wanayotaka, bila kumtazama yeyote usoni. Nilimwonea aibu. Nilimwonea aibu kwa sababu hakujibu.

Lakini gulio si kitu. Kitu kilikuwa kanisa. Wazee wa usharika walisema mwanamke huyu amepigia magoti kitu kisicho Mungu, atengwe. Kutengwa si kukosa meza ya Bwana tu. Aliyetengwa alizikwa bila kengele, nje ya makaburi ya Wakristo, na babu alikuwa amelala ndani ya makaburi yale. Bibi alikuwa amekwisha kuonyesha mahali pake, ubavuni kwa mumewe, na alikuwa akipapalilia mwenyewe.

Mwinjilisti wetu alikuwa mtu mpole asiyependa kesi. Jumapili, baada ya mahubiri, alimwita bibi mbele.

"Mama, ulidhani ni nani?"

"Sikujua, mwalimu."

"Kama hukujua, mbona ulimpa chakula?"

Bibi alishangaa swali. "Nisiyemjua ndiye ninayempa kwanza. Ninaowajua wanajipakulia."

Kanisa zima likacheka. Bibi hakuwa anatania. Alisubiri wanyamaze, na nikaona anaelewa kwamba hawatanyamaza vizuri.

"Sema tu kwamba Shetani alikudanganya," mwinjilisti alimwambia kwa sauti ya chini, karibu ya kumbembeleza. "Sema tuyamalize."

Bibi alitazama dirishani, upande wa makaburi. Halafu akasema. Alisema Shetani amemdanganya, na wazee wakataka aseme tena kwa sauti, akasema tena. Shingo yake ilikuwa imeinama kama ya mtu anayetafuta kitu sakafuni. Hakutengwa. Alipokufa, miaka baadaye, kengele ililia na tulimzika pale alipotaka.

Ila masika yaliyofuata siku ile ya kanisani alikuja mtu. Alikuwa ametoka kwenye mkonge huko Tanga, lori limemwacha Makambako, anakwenda kwao Ludewa kwa miguu. Alikuwa akikohoa. Mvua ilikuwa kubwa, ugali ulikuwa mekoni, na mtu akapiga hodi. Mimi nikavuta kigoda. Bibi akanizuia kwa mkono, akasimama nyuma ya mlango.

"Wewe nani? Watoka wapi?"

Alijibu. Alitaja jina lake, la baba yake, na la kijiji.

"Nani anakujua hapa?"

"Hakuna, mama."

"Nani amekutuma kwangu?"

Yule mtu akasema, "Basi, mama, samahani," tukasikia miguu yake kwenye matope. Mvua haikuondoka naye. Ilibaki ikimnyeshea. Bibi alirudi mekoni, akapakua, na hakula.

Sasa nimezeeka. Ukiniuliza kama huko juu wapo, nasema sijui, na anayesema anajua anakudanganya. Wakija watafanyaje, hilo pia sijui. Ninachojua ni kwamba kijiji kizima, na kanisa, na gulio, tulishirikiana kumfundisha mwanamke mmoja kuogopa mgeni, na alifundishika. Hakuna aliyetumwa na Wazungu kufanya hivyo. Tulicheka tu.

Mimi nina nyumba Makambako, ya bati, yenye geti. Watu wanateremka kwenye mabasi usiku na mchana, wengine wamepotea, wengine wana njaa, wanagonga. Sijawahi kumfungulia mtu kabla hajanitajia jina. Nauliza nikiwa ndani, mkono uko kwenye komeo, na nikijisikia namna ninavyouliza, naona haya, kwa sababu sauti ile ni ya bibi wa nyuma ya mlango, na si ya bibi yule aliyenilea.