Mashine ya kusaga ya Nangara na sapu ya mjukuu wangu

Wakuu, vijana wote marahaba. Wa rika langu, poleni na magoti.

Ninayoandika yamenikuta mwenyewe hapa Babati, na mengine yananiaibisha, kwa hiyo mjue sijapamba.

Mimi ni bibi wa wajukuu saba. Shule niliishia darasa la nne. Kuandika humu nilifundishwa na mjukuu wangu Eliza, anayesomea kompyuta chuoni, na uzi huu ni habari yake na yangu.

Likizo iliyopita Eliza alikuja Nangara amekonda. Kafeli somo linaitwa operating system. Akaniambia kuna sapu, mtihani wa kurudia, na akifeli tena ni disco, chuo basi, anarudi nyumbani. Na huyo ndiye wa kwanza kwenye ukoo wetu kufika chuo.

Asubuhi namkuta kwenye mkeka, macho kafumba, anakariri Kiingereza kama mtoto wa kipaimara.

Nikamuuliza hayo maneno maana yake nini. Akasema, Bibi, haya huwezi kuelewa.

Hapo alinikanyaga pabaya.

Sisi bibi na wajukuu tunataniana uke wenza, basi nikamwambia: "Mke mwenzangu, njoo tupukuchue mahindi, unieleze kwa Kiswahili. Ukishindwa, hujui. Unaimba tu."

Akaja kanuna.

Akaanza. Kompyuta ina ubongo unaitwa CPU, na ubongo mmoja unafanya kazi moja kwa wakati mmoja. Siku hizi wanaweka kadhaa, lakini bado kazi ni nyingi kuliko ubongo. Sasa wewe unasikiliza muziki, unaandika barua, unashusha picha, unadhani vinakwenda pamoja. Uongo. Kila kimoja kinapewa zamu fupi mno, jicho halioni. Anayegawa zamu ndiyo hiyo operating system.

Nikacheka. Nikamwambia hiyo kazi nimeifanya miaka.

Kwa wasiojua: Manyara ilipokuwa mkoa mpya, mji ulijaa watu ghafla. Marehemu mume wangu alikuwa na mashine ya kusaga ya dizeli, na mwendeshaji nilikuwa mimi. Wanakuja kutoka Sigino, kutoka Bonga. Debe lako unaliweka kwenye foleni, wewe unakwenda zako sokoni. Debe linakusimamia, hakuna wa kuligusa.

Sasa anakuja mtu na magunia sita. Nyuma yake mama ana kisado kimoja, kile kindoo kidogo, cha uji wa mtoto. Yule wa magunia akimaliza yote, mtoto analala njaa.

Kwa hiyo kwangu kila mtu alisaga debe moja, anarudi nyuma ya foleni. Gunia lililobaki nalichora kwa mkaa, mistari ya madebe yaliyokwisha, ili zamu yake ikirudi tuendelee pale pale.

Eliza akaacha kupukuchua. Akasema ndivyo inavyofanya: kabla ya kuitoa programu, inaandika imefikia wapi. Uso ulianza kufunguka.

Mimi nikaona nimchokonoe.

"Hiyo operating system yenyewe si programu?"

Akasema ni programu.

"Basi na yenyewe inahitaji huo ubongo ili ifanye kazi. Mwenye magunia akishaukalia, bosi yuko nje, hana mdomo. Anamtoaje?"

Akafungua daftari. Akafunua mbele, akafunua nyuma. Akasema imeandikwa tu kwamba inamtoa. Kisha machozi yakamtoka juu ya mahindi yangu.

Sikumbembeleza. Nilimwambia aende akatafute.

Alirudi mchana, anatembea haraka. Kumbe pembeni kuna saa. Bosi kabla ya kuachia ubongo anaitega. Ikilia, ubongo lazima uache kila kitu urudi kwa bosi, programu itake isitake.

Nikamwambia saa yangu ilikuwa debe. Likiisha, mdomo wa mashine uko wazi, na wa kuujaza ni mimi.

Akafurahi, akajiachia. Akasema basi dawa ni kufanya zamu ziwe fupi kabisa, asisubiri mtu. Na kwenye ule mtihani aliofeli ndivyo alivyoandika.

Niliweka gunzi chini.

Wakuu, hapa Nangara watu wazima wananiita Mama Pumba. Wajukuu wanadhani ni kwa sababu nilifuga nguruwe. Sikuwahi kuwaambia ukweli. Siku hiyo nilisema.

Wanawake walilalamika debe ni kubwa, wanangoja sana. Nikataka sifa. Nikatangaza leo kila mtu kisado kimoja kimoja. Lakini huyu ana mtama mwekundu, anayefuata ana mahindi meupe, na hakuna anayetaka unga wenye madoa. Kila unapobadilisha, unapitisha kwanza pumba kuisafisha mashine. Kisado, pumba. Kisado, pumba. Ilipofika saa tisa dizeli imekwisha, pumba zimejaa mpaka mlangoni, na nusu ya madebe hayajaguswa. Mama mmoja alichota zile pumba akanimwagia miguuni, akasema, "Mama Pumba, tupikie basi."

Eliza alicheka mpaka akalala kwenye mkeka. Halafu akainuka ghafla, akashika daftari.

"Bibi, ndilo swali lililoniangusha."

Akaniuliza sasa zamu iwe ndefu kiasi gani. Nikamwambia iwe ndefu kuliko kusafisha, mara nyingi, lakini mtoto wa uji asilale njaa. Mimi nilirudi kwenye debe langu.

Akaenda akafanya sapu.

Matokeo yalipotoka alipiga simu. Kapita. Swali la zamu lilirudi, na safari hii hakukariri, aliandika jinsi ubongo unavyomaliza muda kwa kubadilisha kazi zamu zikiwa fupi mno.

"Pumba wao wanaziita overhead," akaniambia.

Nilichojifunza: yule mtoto hakuwa mjinga, alikosa tu mtu wa kumuuliza swali la kijinga. Na mimi aibu yangu niliificha miaka yote hiyo, kumbe ilikuwa na kazi.

Mnaojua kompyuta nisahihisheni, sina kinyongo. Ila atakayeanza kuniita Mama Pumba humu, nitajua ni wa Nangara, na nitamuuliza mama yake alileta mtama au mahindi.