Mafuta ya cherehani kwenye bolti za keria: siku tuliyogongewa bomba kizuizini

Wakuu, habari za humu ndani.

Jana kuna kijana aliuliza kama keria ya gari nayo inahitaji service, mkamcheka. Mimi sikucheka. Naweka hapa yaliyonikuta Kampala, miaka ile ya utawala wa jeshi. Chumvi sijatia, maana hata dukani ilikuwa adimu.

Nilikuwa kijana, shule niliishia darasa la saba, naendesha Pijo ya mjomba kutoka Nakawa. Kichwani nilishakuwa na magari kumi yenye jina langu ubavuni. Mfukoni nilikuwa na spana tu.

Keria ndiyo ilitulisha. Matoke, magodoro, mbuzi, vyote juu. Na mvua ya Kampala haina huruma na chuma.

Siku moja nikagonga bomba la mbele la keria, likamwaga unga mwekundu. Kutu ilishalila kwa ndani.

Bomba jipya? Banange, hata sabuni ilikuwa ya kutafuta! Nikachonga mti wa mkaratusi, nikaupenyeza ndani ya bomba. Nje nikapiga msasa, nikapaka rangi. Miisho nikaifunika kwa kofia za bati zilizokazwa kwa bolti. (Mafundi mtasema mti hunyonya maji. Ndiyo kazi ya kofia hizo.)

Grisi nayo haikuwepo. Ila jirani yangu Mama Furaha, Mkongo, mshona nguo, alikuwa na kikopo cha mafuta ya cherehani. Kila Jumapili naenda kuomba matone ya bolti.

"Wewe, ukioa, bibi yako atalala njaa na bolti zimeshiba," ananiambia. Lakini anamimina.

Halafu mume wake akachukuliwa. Gari lilikuja mchana, akaingizwa nyuma, basi. Hakurudi. Baada ya siku chache mtu akamnong'oneza Mama Furaha kwamba na yeye jina lake linaulizwa.

Akaja kwangu. "Mwanangu, nipeleke Busia, mpakani, kwa dada yangu. Mimi, mtoto, na cherehani."

"Mama, cherehani inaonekana sana."

"Nikiacha cherehani nimeacha mikono."

Tukaifunga juu, ndani ya godoro. Tukipata kizuizi, yeye ni shangazi yangu, tunakwenda msibani. Ila wakianza kuuliza majina, tumekwisha.

Njia nzima sikutulia. Kila shimo nasikiliza juu. Kila mara nachungulia kioo. Furaha, mtoto wa miaka minne, anaimba. Mama yake anamziba mdomo, anamwachia, anamziba tena.

Tumepita Jinja, kizuizi.

Askari mmoja kijana akaanza kuzunguka gari na fimbo, anagonga mabomba ya keria. La nyuma: ngaa. La katikati: ngaa. La mbele: ndu.

Akarudia. Ndu.

"Wewe! Hii ingine inalia, hii hapana lia. Ndani iko nini?"

"Mti, afande."

"Mti!" Akawageukia wenzake. "Siku hizi kahawa inaitwa mti!"

Kwa msiojua: kahawa ya magendo ilikuwa inavushwa kwenda Kenya kwa kila ujanja, na watu walikuwa wanauawa kwa hiyo.

Mkubwa wao akasogea. "Fungua. Ikikataa, gari inabaki hapa, nyinyi wote mnaenda kambini kuandika majina."

Kuandika majina. Nilimsikia Mama Furaha anavuta pumzi, haishushi.

Nikapanda na spana. Nilishaona keria za wenzangu, bolti zimeshikana kwa kutu mpaka zikatwe kwa msumeno. Nikaweka spana, nikavuta.

Nati ikazunguka laini. Ya pili niliimalizia kwa vidole.

Askari akachokonoa ndani kwa kijiti, akatoa kipande, akanusa.

"Ni mti kweli," akasema, kama mtu aliyeonewa.

"Haya, chemsha tunywe!" mwenzake akamwambia. Mkubwa akacheka mpaka akashika mkanda wa suruali, akatupungia mkono tupite.

Jina halikuulizwa hata moja.

Busia, Mama Furaha alishuka, tukashusha cherehani. Akafungua kidroo cha cherehani, akatoa kile kikopo, akakitikisa sikioni, akanishikisha.

"Yako hayo, Mama. Utashonaje?"

"Cherehani itapata mengine. Wewe ndiye unarudi njia ileile."

Nililia kuanzia pale mpaka Iganga, sioni aibu kusema.

Wakuu, kutu huanzia ndani, rangi ya nje isiwadanganye. Ligongeni bomba mlisikilize. Msasa kabla ya rangi, mpira chini ya miguu ya keria, na bolti zipate tone la mafuta, zifunguliwe na kukazwa tena hata kama hakuna shida. Siku ya shida huwa haina muda.

Magari kumi sikupata. Nilipata mawili, na keria zake zote mbili zinafunguka kwa vidole. Kikopo bado kipo kwenye dashbodi, kilishakauka zamani.

Za kwenu je, mara ya mwisho mlizifungua lini? Tupeane ujuzi hapa chini. Na wa kucheka acheke, mbona hata wale askari walicheka, ndiyo maana nipo.