Nilimsamehe fundi Ramazani mbele ya maiti yake, kisha LCD ikawaka

Wakuu, heshima kwenu. Hii ni ya kweli tupu na inaniaibisha, basi mnivumilie, pamoja na Kiswahili changu cha Kisangani.

Ilikuwa Zaire, miaka yake ya mwisho. Nilikuwa mwanafunzi, mgonjwa wa électronique. Umeme wa commune ya Tshopo ulipanda na kushuka ovyo, ingawa barrage, bwawa la umeme, iko pale pale. Nikataka kutengeneza kidude cha kuchora mistari ya voltage kwenye écran, kioo kama cha televisheni.

Rafiki yangu Ramazani, fundi wa radio, mtu wa Maniema, alikuwa na LCD ya grafu, kioo cha kuonyesha michoro, aliyoitoa kwenye mashine mbovu. Tukabadilishana: akanipa LCD, nikampa radio ya marehemu papa, baba yangu.

Nikaunga waya ishirini, moja moja. Ile ya contrast, inayokoleza picha, nikaipeleka kwenye masse, yaani volti sifuri, kama nilivyozoea kwa LCD ndogo za herufi.

Nikawasha. Kioo cheupe. Wiki mbili nzima, cheupe.

Bon, nikaenda kwake. Alikuwa anakula na mke wake, Mama Zaina, na watoto. Nikamwambia amenipa kitu kilichokufa.

"Iko muzima," akasema. "Niliiona inachora na macho yangu. Angalia waya zako, ndugu."

Nikamwita mwizi, watoto wakisikia. Akainuka, akaleta radio ya papa, akaniwekea mikononi. "Na ile LCD ubakie nayo," akasema.

Hatukusalimiana tena. Mwaka haukuisha, malaria ikamchukua.

Mimi ni Mkristo, lakini nilienda kuzika. Imamu akauliza kama yupo aliyekosewa na marehemu, amsamehe. Wakuu, nikanyanyua mkono. Nikasema, "Alinidanganya kitu kimoja, lakini nimemusamehe."

Nikarudi nyumbani najiona mtu mwema kabisa.

Miezi baadaye nikasoma kwenye revue moja ya zamani, jarida la mafundi: LCD nyingi za grafu, contrast inataka voltage hasi, chini ya masse. Nikachukua pile, betri ya volti tisa, chanya nikaiunga kwenye masse, hasi nikaipitisha kwenye potentiomètre, kitufe cha kupunguza na kuongeza, mpaka contrast. Nikazungusha polepole.

Mistari ikatokea yote, myeusi, safi. Ilikuwa inachora tangu siku ya kwanza.

Nililia pale mezani. Kisha nikaenda kwa Mama Zaina, nikapiga magoti, nikamweleza kila kitu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nimesikia," akasema. "Lakini ulimusema mbele ya watu. Uende urudishe mbele ya watu."

Sikwenda. Aibu, wakuu. Nikasema kesho, kesho, mpaka vita vikaja na watu wa mtaa ule wakatawanyika. Yeye na watoto sijui waliko.

Somo? Soma karatasi ya maelezo ya LCD yako kabla ya kuunga, zinatofautiana. Na kagua kazi yako kabla ya kumchafulia mwenzako jina.

Kama na wewe umewahi kumhukumu mtu hivi, andika hapa chini. Hata ukinitukana, sawa tu.

Watu niliobaki nao ni ninyi. Basi nasema mbele yenu: Ramazani hakunidanganya.