Shule Iliyobana Maji

Watoto wa mtaa ule walimwita Mama Kopo, naye hakukasirika. Aliajiriwa na mradi mdogo wa kufundisha matumizi mazuri ya maji, na kifaa chake cha kufundishia kilikuwa kimoja tu, kopo la bati la nusu lita. Kipindi kikianza alilitega chini ya bomba linalovuja, akafundisha dakika arobaini, kisha akawaita watoto walitazame. Lilikuwa limejaa hadi kumwagika.

"Maji haya hakuna aliyeyanywa," aliwaambia. "Hakuna aliyeyaoga. Yamekwenda tu."

Hata wale wa nyuma waliokuwa wakipigana viwiko walisogea kulitazama.

Watu wazima ndio waliokuwa wagumu. Akipita kwenye maduka, mwenye saluni alipaza sauti: "Jamani zificheni ndoo zenu, zinahesabiwa."

"Usiifiche, shoga yangu, ifunike," alijibu bila kusimama.

Katika shule alizozihudumia, moja ilimshika moyo. Ilikuwa na watoto mia tisa na mabomba kumi na sita, saba kati yake yakivuja. Kwa mwaka mmoja alibadilisha mipira ya kuzibia ndani ya mabomba yote, akafundisha maji ya kunawia mikono yakingwe kwenye mabeseni na kutumiwa kuoshea vyoo, akaunda kundi la watoto thelathini na wawili walioitwa walinzi wa maji. Kiranja wao, msichana wa darasa la sita, alikuwa mkali kuliko askari wa zamu. Siku moja alimrudisha mwalimu mkuu mwenyewe kufunga bomba aliloliacha likitiririka, na mwalimu mkuu akarudi.

Matumizi yakashuka karibu nusu. Kila Ijumaa Mama Kopo na watoto walisoma mita na kuandika. Mwisho wa mwaka aliziweka hesabu zile kwenye ripoti, akaichukua nakala na kuipeleka mwenyewe ofisi ya maji. Hakutumwa na mtu. Alitaka shule isifiwe, na nyingine zione haya.

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa la mtu mwaminifu. Msoma mita wa eneo lile alikuwa hajakanyaga shuleni miaka minne. Alikuwa akikadiria tu, akiandika takwimu ya nyuma na kuongeza kidogo. Ripoti ya Mama Kopo ndiyo hesabu ya kweli ya kwanza ambayo ofisi ilipata, nayo ikaifanyia kazi. Mji ule maji hutoka kwa mgao, na kila taasisi hupangiwa siku kulingana na inavyotumia. Baada ya wiki tatu barua ikafika: shule iliyokuwa ikipata maji siku tatu kwa wiki itapata siku moja.

Tangi la shule liliweza kuvumilia siku mbili. Ya tatu vyoo vilifungwa kwa kufuli. Wasichana wakubwa wakaanza kuondoka saa sita mchana, na baadhi yao kesho yake hawakuonekana.

Mama Kopo akaenda ofisini. Karani wa mgao, mwanamke wa makamo kama yeye, alimkaribisha vizuri, akafungua kompyuta.

"Mama yangu, mimi sijapunguza kitu. Matumizi yenu ndiyo yameshuka."

"Yameshuka kwa sababu tumebana. Si kwa sababu hatuhitaji."

"Humu hakuna mahali pa kuandika mmebana. Kuna juu na chini."

"Shule ya ng'ambo ya barabara ina bomba lililokatika tangu mvua zilizopita. Maji yanamwagika mtaroni. Wao wana siku tatu."

"Wao wako juu," karani alisema, na alionekana kweli kuona aibu. "Nikwambie kama dada yako. Tarehe thelathini tunasoma mita, na safari hii tunakuja wenyewe. Tunaangalia siku maji yakitoka mnatumia kiasi gani. Kikipatikana kile cha zamani, mtarudishiwa. Kisipopatikana, ni hivyo hivyo mwaka mzima."

"Unaniambia niyamwage?"

"Sijasema hivyo. Andika barua ukipenda, nitaipiga muhuri."

Aliandika barua tatu. Zote zilipigwa muhuri. Ofisi inayompunguzia anayebana na kumwachia anayemwaga nayo inafundisha, na wanafunzi wake ni wengi kuliko wa Mama Kopo.

Nyumbani, mume wake, fundi cherehani, alimsikiliza huku akitia uzi kwenye sindano.

"Mchimba kisima huingia mwenyewe," alisema.

"Mume wangu, leo sina nafasi ya methali."

"Basi nikuulize bila methali. Ungejua, ungedanganya kwenye ripoti?"

Yeye mwenyewe hakujua jibu, na hilo lilimuumiza kuliko barua ya kupunguziwa maji.

Siku ya maji ya mwisho kabla ya tarehe thelathini, mwalimu mkuu alimwita ofisini kwake. Tangi lilikuwa limejaa tangu saa tatu.

"Mwalimu mwenzangu, nimefungua mabomba yote mara mbili asubuhi hii ili mita ipande," alisema. "Nikigeuka, wale watoto wako wameyafunga. Wananiambia, 'Samahani mwalimu, umesahau.' Mimi hawanisikilizi. Wewe watakusikiliza."

"Siwezi kuwaambia hivyo."

"Darasa la saba wasichana kumi na mmoja hawajaja wiki hii. Nipe njia nyingine, nitaifuata sasa hivi."

Alikaa akiitafuta. Barua alikwisha kuandika. Mradi wake ulikwisha kumjibu kwamba mgao si kazi yake. Wazazi walikwenda ofisini mara mbili wakaambiwa warudi mwezi ujao. Mwalimu mkuu alimsubiri kwa subira, maana yeye pia alikuwa ameitafuta.

Akatoka uani. Walinzi wa maji walikuwa wamejipanga kando ya mabomba, wamesimama wima.

"Leo tutayafungua yote," alisema, "na tutayaacha wazi mpaka jioni."

Hakuna aliyesogea. Walidhani ni mtihani, kwa kuwa alizoea kuwapima hivyo.

"Si mtihani," akasema. "Fungueni."

Wakafungua, polepole, kila mtoto akimtazama usoni kabla ya kuachia mkono. Maji yakajaa kwenye sakafu ya saruji, yakapita kati ya viatu vyao kuelekea mtaroni. Mama Kopo alitaka kuwaeleza, akaona kwamba kila maelezo aliyokuwa nayo yangewafundisha jambo baya zaidi.

Kiranja akanyoosha mkono. Akauliza, kwa adabu ile ile aliyofundishwa, kama wapange zamu ya kuyalinda, maana wadogo wa darasa la kwanza watatoka mapumziko sasa hivi na watayafunga.

Mama Kopo akasema ndiyo, wapange wawili wawili kila bomba.